Uzito ukae wapi? Namna shehena, farumi na matundu yanavyobadili tabia ya chombo

Ufukweni Mkwaja au Kipumbwi, kusini mwa wilaya ya Pangani, vyombo viwili vya ukubwa mmoja vinaweza kuondoka pamoja, vikiwa na magunia sawa na upepo uleule. Kimoja kinapanda mawimbi vizuri na kuusikiliza usukani. Cha pili kinazamisha omo, kinavuta upande mmoja, na nahodha wake anatoka jasho kukinyoosha. Mara nyingi wote wawili wamebeba kilo zilezile. Kinachowatofautisha ni mahali kilo hizo zilipokaa.

Manahodha wa pwani hii wanalijua jambo hilo kwa mikono na kwa miguu, hata bila kulisoma popote. Lakini wanaopanda vyombo ni wengi kuliko manahodha: wachuuzi wa dagaa, wanaokwenda Unguja kuhani msiba au kuhudhuria harusi, vijana wanaoanza kazi ya uvuvi. Katika makala haya tunaeleza kwa nini uzito uleule unaweza kukifanya chombo kiwe imara au kiwe hatari, na kwa nini tundu dogo linaweza kugeuza hesabu yote.

Nguvu mbili: uzito na maji

Kila kilichomo chomboni huvuta kwenda chini: mbao, mlingoti, tanga, mashine, shehena na watu. Ukizijumlisha nguvu hizo zote, ni kana kwamba uzito wote umekusanyika mahali pamoja. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Hapaonekani kwa macho, lakini huhama kila unapohamisha gunia.

Nguvu ya pili ni maji, yanayosukuma kwenda juu. Mgiriki Archimedes alieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba msukumo huo ni sawa na uzito wa maji ambayo chombo kimeyaondoa mahali pake. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, na ya maji baridi ni kilo 1,000. Ndiyo maana chombo kinachotoka baharini na kupanda Mto Pangani huzama kidogo zaidi mtoni, ingawa hakijaongezwa mzigo.

Chombo kikilala upande, upande huo huingia zaidi majini, na msukumo wa maji nao huhamia huko. Kitovu cha uzito kikiwa chini, maji hunyanyua upande uliolala huku uzito ukiuteremsha upande ulionyanyuka, na chombo husimama tena. Kitovu cha uzito kikiwa juu sana, mambo hugeuka. Kadiri chombo kinavyolala, uzito nao huelekea upande uleule. Ukishaupita msukumo wa maji, hausaidii tena kukisimamisha chombo, bali unakimalizia kupinduka. Badiliko hili huja ghafla. Chombo kinaweza kulala na kusimama mara kumi, na mara ya kumi na moja kisirudi.

Juu na chini: kazi ya farumi

Ndiyo sababu wazee wetu waliweka farumi. Jahazi lililoshusha shehena halikusafiri tupu. Lilitiwa mawe au mchanga chini kabisa, karibu na mkuku, ili kitovu cha uzito kishuke na mlingoti na foromali visilizidi nguvu. Shehena nzito ikiwa chini hufanya kazi hiyohiyo, na jahazi lililojaa chumvi au mawe halihitaji farumi.

Tatizo huanza shehena inapokuwa nyepesi lakini kubwa kwa umbo. Gunia la mkaa ni jepesi kuliko gunia la chumvi la ukubwa uleule. Chombo cha mkaa hujazwa mpaka ngama imejaa, kisha magunia hupangwa juu ya mbao na kuendelea kupanda. Kwa kilo peke yake, nahodha anaweza kuwa hajavuka kiwango chake. Kwa urefu wa lundo, amekwisha kukipandisha kitovu cha uzito mpaka pabaya. Mambo ni hayohayo abiria wanapokaa juu ya mzigo, kwani mtu wa kilo 70 aliye juu ya magunia hukidhuru chombo kuliko mtu huyohuyo akiketi chini.

Kosa hili halikuwahi kuchagua nchi wala ukubwa wa chombo. Tarehe 10 Agosti 1628, meli ya kivita ya mfalme wa Sweden iliyoitwa Vasa iling'oa nanga Stockholm kwa safari yake ya kwanza. Ilikuwa na mizinga 64 na mapambo mazito sehemu za juu. Ilikwenda mita 1,300 hivi, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, ikazama. Watu 30 hivi walikufa. Kabla ya safari hiyo mabaharia 30 walikuwa wamekimbizwa kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kuipima meli. Iliyumba vibaya mno hata jaribio likasimamishwa, lakini safari haikusimamishwa. Vasa iliinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1961 na leo iko katika jumba la makumbusho.

Vasa ina funzo jingine. Ilikuwa na farumi, na kuiongezea kusingeiokoa, kwa sababu kila tani ya mawe ingeyashusha madirisha yale karibu zaidi na maji. Farumi hushusha kitovu cha uzito, lakini pia huzamisha chombo. Sehemu ya ubavu iliyobaki juu ya maji ndiyo akiba ya chombo kinapolala, na ikiisha, wimbi dogo tu huingia ndani. Mwaka 1876 Uingereza ilipitisha sheria ya kuchora alama ya mwisho wa kuzama ubavuni mwa meli, baada ya kampeni ya mbunge Samuel Plimsoll. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa. Mamia ya watu walipotea.

Utulivu unaodanganya

Hapa ndipo abiria wengi hudanganyika. Chombo chenye uzito mwingi chini huyumba haraka na kwa mikiki. Hutapisha watu, hutikisa mlingoti, na aliyezoea nchi kavu huona kuwa ni kibaya. Chombo chenye uzito juu huyumba polepole, kwa ulaini, kikilala na kukawia kidogo kabla ya kurudi. Abiria hustarehe na kusema bahari leo imetulia.

Ukweli ni kinyume chake. Kukawia kurudi ni dalili kwamba nguvu ya kukisimamisha chombo ni ndogo. Wakaguzi wa meli hutumia jambo hilohilo: huhesabu sekunde ambazo meli ndogo huchukua kuyumba na kurudi ili kukadiria uimara wake. Nahodha naye anaweza kulipima chombo kikiwa bado karibu na pwani. Akikiyumbisha kidogo na kuona kinarudi kwa uvivu kuliko siku nyingine, hiyo ni sababu ya kutosha ya kushusha mzigo wa juu.

Ubavu kwa ubavu: siri ya ngalawa

Ngalawa huufikia uimara kwa njia nyingine. Mwili wake ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba kiasi kwamba likiachwa peke yake na tanga lake lisingesimama. Haina nafasi ya farumi, na mvuvi asingependa kubeba mawe bure. Badala yake ina matengo pande zote mbili, yaani mbao zilizofungwa kwenye miti inayokingama juu ya mwili na kutokeza mbali ubavuni.

Matengo hufanya kazi kama mizani ya dukani. Uzito mdogo ulio mbali na katikati hugeuza sawa na uzito mkubwa ulio karibu. Kilo 50 zilizo umbali wa mita 2 huvuta sawa na kilo 100 zilizo umbali wa mita 1. Ngalawa ikilala upande wa demani, tengo la upande huo huingia majini na maji hulisukuma juu. Upepo ukizidi, mvuvi mmoja hutoka na kusimama juu ya miti ya upande wa joshi, unakotoka upepo, na mwili wake unakuwa farumi inayotembea. Katika mashindano ya majahazi ya Lamu mabaharia hufanya vivyo hivyo, wakikaa juu ya ubao unaotokeza nje ya ubavu.

Farumi ya namna hii ina faida ya kuhamishika na hasara ileile. Upepo ukikata ghafla, au tanga likageuka kabla ya mtu kurudi ndani, uzito uliokuwa unaokoa unageuka kuwa uzito unaopindua. Mwenye zamu ya kukaa joshini hatakiwi kusinzia.

Omo na tezi

Uzito ukizidi omoni, chombo huzamisha pua na kuchota maji. Tezi hunyanyuka, usukani hushika maji kidogo, na nahodha huvuta mkono wa usukani bila jibu la maana. Chombo chenye tanga, omo ikizama, hushika maji zaidi upande wa mbele na kutaka kugeuka kuelekea upepo kila mara.

Uzito ukizidi tezini, omo hunyanyuka na kuwa kama tanga la pili, upepo ukaisukuma pembeni. Kubisha kunakuwa kazi ngumu. Nyuma nako, ubao wa tezi hukaribia maji, na wimbi linalofuata nyuma huweza kuingia.

Hili la pili limekuwa la kawaida zaidi tangu mashine zilipoenea. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hivi au zaidi, sawa na mtu mzima aliyening'inia nje ya tezi safari nzima. Ongeza nahodha anayekaa hapohapo, na dumu la lita 25 la petroli lenye kilo 18 hivi. Mashua iliyoundwa kwa ajili ya tanga haikuundwa kwa hesabu hiyo. Dawa yake ni kusogeza dumu la akiba, nanga na samaki mbele kidogo, mpaka chombo kikae sawa.

Kukaa sawa peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kuweka mzigo mzito omoni na mwingine wa kilo zilezile tezini, na chombo kikaonekana kimenyooka. Mfikirie mchukuzi wa mzegazega mwenye ndoo ya maji kila ncha ya mti wake. Mizigo imelingana, lakini kugeuka ni shida, na ndoo zikishaanza kuzunguka, kuzisimamisha ni shida pia. Akizikumbatia ndoo hizohizo kifuani, hugeuka upesi. Chombo chenye uzito kwenye ncha zake ni kama mzegazega: omo huchelewa kuinuka wimbi linapokuja, ikalitoboa badala ya kulipanda, na ikishaanza kupanda na kushuka hukawia kutulia. Kwa hiyo vizito vikae katikati, vyepesi viende pembeni.

Mzigo unaotembea

Mpaka hapa tumezungumzia uzito unaokaa pale ulipowekwa. Hatari kubwa zaidi ni uzito unaojihamisha wenyewe, kwa sababu daima huelekea upande uliokwisha kulala.

Maji ya ngama ndiyo ya kwanza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua mashua yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.5 ndani. Maji yenye kina cha sentimita 10 tu, kama chini kungekuwa tambarare, yangekuwa lita 900, yaani kilo 900. Chini ya mashua kumejipinda, kwa hiyo tuseme ni nusu yake: bado ni kilo 450, uzito wa watu sita au saba, na watu hao wote hukimbilia upande mmoja kila chombo kinapolala. Ndiyo maana kufua maji hakusubiri mpaka yafike magotini.

Nazi ni za pili, na Pangani ina minazi mingi. Nazi zilizomwagwa ngamani bila kugawanywa hubingirika kama maji. Mbao chache zilizosimamishwa kugawa ngama vyumba viwili au vitatu huzizuia. Barafu ya samaki ni ya tatu: hupakiwa ikiwa bonge lililotulia, na baada ya saa kadhaa imekuwa maji. Kilo hazijabadilika, lakini sasa zinatembea, isipokuwa ziwe ndani ya sanduku lililofungwa.

Watu ndio uzito unaotembea kuliko wote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeidhinishiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Taarifa zilizotolewa wakati huo zilieleza kwamba abiria walisogea upande mmoja kivuko kilipokaribia nchi kavu. Jambo hilo hutokea kila siku katika vyombo vidogo: pwani imeonekana, kila mtu anasimama, anashika mzigo wake na kuelekea upande wa kushukia. Kusimama kunapandisha kitovu cha uzito, na kuhama kunakipeleka pembeni, yote mawili kwa wakati mmoja. Abiria aliyebaki ameketi mpaka aambiwe ashuke anafanya kazi ya farumi.

Matundu

Chombo cha mbao ni kitu kilichotobolewa mamia ya mara. Fundi hutoboa kwa keke kabla ya kugongomea msumari, ili ubao usipasuke, kisha mishono ya mbao hutiwa kalafati ya pamba na mafuta. Nje, chini ya maji, hupakwa chokaa na shahamu. Mtepe wa zamani, uliofungwa kwa kamba za makumbi bila misumari, ulikuwa na matundu mengi zaidi. Tundu lililozibwa vizuri halina ubaya.

Ubaya uko katika matundu yaliyosahaulika. La kwanza ni la kutolea maji chombo kinapopandishwa pwani, lenye kizibo ambacho mtu hukitoa akiosha chombo na kukisahau. La pili ni la misumari ya kufungia mashine kwenye ubao wa tezi. Mtetemo hulilegeza kidogo kidogo, na kwa kuwa tezi ndiyo iliyozama zaidi, maji huingia bila kelele. La tatu ni la chombo cha faiba kilichopasuka ngozi ya nje. Maji hujificha kati ya ngozi mbili, chombo kinakuwa kizito na mwenyewe hajui kwa nini, wala hawezi kuyafua. Mashua ya faiba inayokaa chini zaidi ya mwaka jana ikiwa tupu inastahili kukaguliwa na fundi.

Kuna tundu la nne, ambalo watu hulitoboa kwa nia njema. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilipinduka karibu na Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilielea kwa saa kadhaa, mkuku juu, na ndani yake walisikika watu wakigonga. Waokoaji walitoboa tundu kwenye bamba la chini ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa nguvu, na meli ikazama. Zaidi ya watu 800 walikufa katika ajali hiyo.

Sababu ni kanuni ileile ya Archimedes. Meli iliyopinduka huelea kwa hewa iliyonaswa ndani, kama kikombe kilichozamishwa kichwa chini. Ukitoboa kitako cha kikombe hicho, hewa hutoka juu na maji huingia chini. Chombo cha mbao kwa kawaida huelea hata kikijaa maji, kwa kuwa mbao ni nyepesi kuliko maji, ingawa mashine na shehena nzito huweza kukizamisha. Cha chuma hakielei bila hewa, wala cha faiba, isipokuwa kiwe kimewekewa maboya ndani. Kwa hiyo chombo kikipinduka, kikiwa bado kinaelea, kisikatwe wala kutobolewa na asiye mtaalamu. Kishikiliwe, kifungwe kamba kwenye vyombo vingine, na walioko nje waokolewe kwanza.

Kabla ya kung'oa nanga

Kwa upande wa Bara, ukaguzi wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, na Zanzibar uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Lakini mkaguzi hayupo kila alfajiri katika kila bandari ndogo. Mambo yafuatayo kila mtu anaweza kuyaangalia mwenyewe:

Kizito kiwe chini na katikati. Chochote kilichopangwa juu ya ukingo wa chombo kiulizwe kimewekwa pale kwa sababu gani.

Chombo kikaguliwe kutoka pwani kabla ya kuondoka. Kama kimeinama upande mmoja kwenye maji matulivu, kwenye mawimbi ya kusi kitainama zaidi.

Alama ya rangi ichorwe ubavuni, mahali maji yanapofika chombo kikiwa na mzigo wake wa halali. Ikizama, mzigo umezidi, na hapana haja ya kubishana.

Ngama iwe kavu, kizibo kiwe mahali pake, na upo au kopo la kufulia liwe karibu na mkono.

Kinachobingirika kigawanywe, kinachoteleza kifungwe.

Abiria waambiwe kabla ya safari kwamba wataketi mpaka chombo kifungwe.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu huutumia msemo huo kwa mambo mengi ya maisha, lakini kwa nahodha anayepanga shehena una maana ya moja kwa moja: baada ya kupima mbele na nyuma, kilicho kizito kirudi chini, katikati, kitulie. Na abiria anayeona mambo yamepangwa kinyume ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kushuka. Chombo cha kesho kitakuwepo.